Hii Kitu Inakula DC?

Wasee, geuza TV yako uangalie pale nyuma waya wa stima unaingia. Kama kuna mlango mmoja tu, wa AC, aliyeitengeneza hakuwa anafikiria Kenya.

Mnakumbuka usiku wa Agosti 25, 2023? Karibu nchi nzima ilizima, hata JKIA kukaingia giza. Na bado stima hupotea mtaani bila kupiga hodi. Mtu ana asaimenti ya kutuma saa sita usiku, betri ya sola iko chini ya meza imejaa, lakini rauta imelala.

Rauta nyingi zinatumia DC ya volti 12. Betri ni DC ya volti 12. Hao ni majirani! Lakini tunanunua inverta ipandishe hiyo 12 iwe AC ya 240, halafu adapta ya rauta inaishusha tena kuwa 12. Ni kama kutoka Rongai kwenda Ngong ukipitia Mombasa. Gusa inverta usikie vile imepata moto: hiyo ni sola yako inapotea.

Sasa usikimbie kuchomeka rauta kwa betri moja kwa moja. Betri ya 12 si 12 kila saa. Ikijaa na kutulia iko kama 12.7, ikichajiwa inafika 14.4, ikichoka inashuka hadi karibu 11. Rauta haijatengenezewa kuyumbishwa hivyo.

Muundo ninaopenda una milango miwili. Wa kwanza ni wa AC: adapta iliyotengenezwa kiwandani inatoa DC ya volti 15. Hiyo usiifungue, 240 haina msamaha. Wa pili ni wa betri, na fyuzi inakaa karibu kabisa na betri. Kila mlango unapitia dayodi, ambayo huruhusu umeme uende upande mmoja tu. Mwenye volti nyingi ndiye anapita. 15 inashinda 14.4, kwa hivyo stima ikiwepo betri inapumzika. Stima ikipotea, betri inashika papo hapo na rauta haijui kitu. Ukichanganya waya nyekundu na nyeusi za betri, dayodi inakataa kupitisha. Mwisho kuna saketi ya kupandisha na kushusha: mpe 10 au 15, yeye anatoa 12 tu.

Swichi na fyuzi za upande wa betri ziwe zimeandikwa DC. AC yetu hupitia sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hivyo cheche hupata nafasi ya kuzima. DC haipumziki, cheche yake inaweza kuendelea kuwaka.

Mtu atasema bei itapanda. Sawa, itapanda kidogo. Inverta nayo ulipewa bure?

Na hii si ndoto. TV za AC/DC ziko Luthuli saa hii, na wengi huzinunua kupelekea shosho shags kwenye sola. Yaani shosho alielewa hii maneno kabla yetu wa Nairobi.

Mimi nasema tusingoje. Ukienda kununua rauta, feni ama TV, kabla uulize bei ya mwisho, uliza: "Hii inakula DC?" Muuzaji akiulizwa hivyo na wateja kumi kwa siku, ataleta zenye milango miwili. Biashara ni biashara.