Kibarua cha Ukoka

Wasioijua kazi hii hudhani kujenga uwanja wa gofu ni kufyeka majani na kuchimba mashimo 18. Shimo lenyewe unalichimba kwa dakika chache. Kazi iko chini ya nyasi, na huko ndiko nilikomalizia ujana wangu.

Nilianzia kwenye brauni. Klabu nyingi za zamani za Afrika Mashariki hazikuwa na maji ya kunyweshea nyasi laini kuzunguka shimo. Badala yake palimwagwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari, usije ukapeperushwa na upepo. Kila kundi likimaliza kupiga, kijana mmoja alipita akisawazisha nyayo. Kijana huyo nilikuwa mimi, na jioni nilirudi nyumbani nikinuka gereji. Leo watu wanazicheka brauni, lakini hazikumnyang'anya mkulima hata ndoo moja ya maji.

Miaka ya 2000 wawekezaji wakang'amua kwamba gofu inauza nyumba. Angalia uwanja wa Kiligolf, upande wa Usa River, chini ya Mlima Meru. Mashimo yake 18 yalichorwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, ambaye pia alichora uwanja wa Baobab kule Vipingo, pwani ya Kenya. Biashara ilishageuka. Zamani mchoraji aliitembea ardhi kwanza na kuifuata inakoelekea; siku hizi mara nyingi anakabidhiwa ramani ambayo viwanja vya nyumba vimeshachagua sehemu zenye mandhari, naye apenyeze gofu katikati. Kwangu mimi huko ni kushona suruali kwa kuanzia mifukoni.

Grini, yaani zile nyasi laini kuzunguka shimo, ndiyo iliyonifundisha kazi. Mwaka 1960 chama cha gofu cha Marekani, USGA, kilitoa mwongozo ambao bado unafuatwa duniani: unachimba, unalaza mabomba ya kutolea maji, unamwaga kokoto kiasi cha sentimita 10, juu yake mchanga sentimita 30. Mchanga huo hushikilia unyevu kwa ajili ya mizizi, na mvua ikizidi, maji yanashuka kwenye kokoto na kutoka. Tatizo ni kwamba huku kwetu Meru ni volkano, na mchanga mwingi umechanganyika na majivu. Kila roli lilipoingia nilichota kidogo, nikatia kwenye chupa ya maji, nikatikisa na kuuacha utulie. Maji yakibaki na tope, roli linageuza. Madereva walinichukia kweli kweli.

Kisha zikaja nyasi. Bermuda inayosifiwa na wataalamu ni ndugu wa ukoka wetu, ule ambao kila mkulima wa kahawa amepigana nao maisha yake yote. Tuliajiri kina mama wa vijiji vya jirani wapande vipande vya mizizi kwa mistari, wakichapuka kabla jua halijavikausha. Mama mmoja wa Kimeru akasimama, mikono kiunoni.

"Mwanangu, janga hili mnalipanda kwa makusudi?"

"Ndiyo, mama."

"Na mnalipa?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alikuja na binti zake wawili.

Maji hayakuchekesha mtu. Uwanja wa mashimo 18 wakati wa kiangazi unaweza kunywa zaidi ya lita milioni moja kwa siku, na mito inayoteremka Meru upande wa kusini ina wenyewe tangu zamani, wenye mifereji yao na zamu zao. Kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, lakini kibali hakimtulizi mtu ambaye mahindi yake yananyauka. Hata ukichimba kisima, unaweza kukuta maji ya magadi. Floraidi inayotia rangi meno ya watoto wetu haiusumbui ukoka. Magadi ndiyo yanayogandamanisha udongo mpaka maji yakatae kuzama.

Mwaka 2008 mabenki ya Marekani yalipoanguka, wanunuzi wa nyumba wakakauka ghafla. Mradi mmoja niliokuwa nao ulisimama grini zikiwa zimechimbwa nusu, na mishahara yetu ya mwisho hatukuiona. Vibarua walirudi mashambani kwao. Mimi nikaishi kwa kukarabati bustani za hoteli.

Sasa simu inalia tena, ila wanaopiga ni watu wa mpira. Olmoti, jijini Arusha, panajengwa uwanja wa mpira wa watu 30,000 kwa ajili ya mashindano ya AFCON 2027, na kila shule yenye uwezo nayo inataka kapeti la kijani. Kokoto ni zilezile, mabomba ni yaleyale. Juzi mmoja aliniuliza bei kwa mita ya mraba. Nikamuuliza maji anatoa wapi. Akasema watachimba kisima. Nikamwambia akishachimba aniletee chupa moja ya maji yakapimwe, ndipo tuongee bei.