Lita Moja Inafika Wapi

Ukinunua gari Tanzania, watu hawaanzi na rangi wala mwaka. Wanauliza, "Inakulaje mafuta?" Atauliza fundi, atauliza jirani, atauliza hata mchungaji akishamaliza kuliombea. Na jibu huwa liko tayari mdomoni: "Hii? Lita moja, kilomita kumi na mbili." Sijawahi kumsikia mtu akieleza alipimaje. Namba ya ulaji wa mafuta kwetu ni kama umri wa bibi: inatajwa kwa heshima, haihakikiwi.

Mimi nilihitaji namba ya kweli. Mama alifanyiwa upasuaji wa mgongo Dar es Salaam, na kwetu ni Tukuyu, karibu kilomita 900 kwa barabara. Daktari alitaka kumwona kila baada ya miezi mitatu, na akakataza asikae kitini zaidi ya saa moja bila kujinyoosha. Basi halina kitanda. Ndege ya kwenda Songwe ipo, lakini kiti cha ndege nacho ni kiti, na ukishatua bado una barabara ya kwenda mpaka Tukuyu. Kaka yangu na mimi tukaunganisha akiba, tukanunua Toyota HiAce iliyotumika Japani, ya petroli, injini ya lita 2.0. Tukang'oa viti vya nyuma. Seremala wa Keko akatutengenezea kitanda cha mbao za paina, kwa sababu mninga ni mzito. Chini ya kitanda tukaweka droo, jiko dogo la gesi na dumu la maji la lita 20. Majirani wakalibatiza jina: ambulensi ya mama.

Aliyetuuzia alituonyesha karatasi ya Kijapani yenye namba nzuri ya kilomita kwa lita. Namba hiyo haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya safari nyingine. Kwa miaka mingi magari ya Japani yalipimwa kwa jaribio liitwalo 10-15, ambalo gari hukimbizwa juu ya magurudumu ya mashine, ndani ya jengo, kwa kilomita 4 na kidogo. Mwendo wa wastani ni kama kilomita 23 kwa saa, na wa juu kabisa ni 70. Hakuna upepo, hakuna mlima, hakuna kitanda. Ulaya nako walikuwa na jaribio lao la namna hiyo. Watafiti wa taasisi ya ICCT walipolinganisha namba za maabara na za madereva wa kweli, waligundua kwamba kufikia mwaka 2015 magari mapya yalikuwa yanakula karibu asilimia 42 zaidi ya yalivyoandikiwa. Tangu mwaka 2017 Ulaya ikaanza kutumia jaribio jipya, WLTP, lenye mwendo mkubwa na safari ndefu zaidi. Pengo likapungua, halikuisha. Maabara haijui Kitonga.

Basi nikanunua kaunta buku. Njia yangu ni ya kawaida kabisa: najaza tenki mpaka bomba lijifunge lenyewe, naandika kilomita. Nikijaza tena, ikiwezekana kwenye sheli ileile na pampu ileile, nagawa kilomita nilizotembea kwa lita zilizoingia. Siamini mshale wa dashibodi. Safari moja haitoshi pia, kwa sababu bomba moja linaweza kujifunga mapema kuliko lingine. Ukiwa na safari sita au saba, ndipo namba zinaanza kusema.

Nazo zilianza kusema kabla hata hatujatoka Pwani. Foleni ya Kibaha ina ukatili wake: injini inanguruma, kiyoyozi kinapuliza, na kilomita hazisogei. Gari la namna yetu likisimama hivyo linaweza kumaliza karibu lita moja kwa saa, na lita hiyo haifiki popote. Ukivuka Chalinze barabara inafunguka, na hapo anakuja mlaji mwingine usiyemwona: hewa. HiAce ina sura ya mkate wa boflo. Inasukuma hewa kwa paji la uso. Nguvu ya hewa kulizuia gari haipandi sawasawa na mwendo, inapanda kwa mraba wake. Ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, umeongeza mwendo kwa robo tu, lakini ukinzani wa hewa umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Keria tuliyoifunga juu ya paa kwa safari mbili ilikula mafuta hata ikiwa tupu, na tulipoishusha niliona tofauti kitabuni.

Baada ya Morogoro unaingia Mikumi, kilomita kama 50 katikati ya hifadhi, ambapo vibao na wanyama vinakubana mwendo. Wapo wanaolalamika. Kaunta buku langu linaipenda Mikumi.

Kisha unakuja mlima wa Kitonga. Nililipigia hesabu ya fizikia ya kidato cha nne. Gari letu likiwa na watu, kitanda na mizigo lina kama kilo 2,300. Kulitoa usawa wa bahari mpaka Tukuyu, mita 1,600 hivi juu, kunahitaji nishati iliyozidi kidogo ile iliyomo ndani ya lita moja ya petroli. Lakini injini ya petroli hugeuza kuwa mwendo robo tu mpaka theluthi ya nishati hiyo. Inayobaki ni joto. Kwa hiyo kupanda peke yake kunadai lita kama 4, hata barabara isingekuwa na mabonde. Na mabonde yapo. Kila unachopanda ukashuka kwa breki, umekinunua mara mbili.

Mjomba wetu, aliyeendesha malori ya Tunduma tangu hatujazaliwa, alitufundisha kuweka fri kwenye mteremko ili kuokoa wese. Kwa heshima zote kwa mjomba, magari ya sasa hayako hivyo. Ukishuka gari likiwa kwenye gia na umeachia mafuta, kompyuta hukata petroli kabisa na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka fri, injini inahitaji petroli ili isizimike. Yaani unalipia kuipoteza breki ya injini. Mama alisikiliza mjadala huo akiwa amelala kitandani, akasema, "Wanangu, mimi bora mle mafuta."

Sasa namba zenyewe. Tukiwa wawili, kaka na mimi, tunakimbia 100 mpaka 110 pale barabara inaporuhusu na hakuna tochi mbele: kilomita 7.6 kwa lita. Tukiwa na keria juu: 7.1. Tukiwa na mama amelala nyuma: 9.8.

Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea. Gari limebeba zaidi, limekula kidogo. Sababu ilikuwa wazi nilipokumbuka tunavyoendesha akiwepo. Hatuzidi 80. Tunaliona tuta kutoka mbali, tunaachia mafuta mapema, gari linapungua lenyewe badala ya kukanyagwa breki. Hatuyapiti malori kwa hasira. Hatuondoki sheli kwa kishindo. Upepo wa matairi tunaupima asubuhi, kwa sababu tairi laini linamyumbisha mama, na tairi laini hula mafuta. Safari tunaikata mara mbili. Tunalala Makambako, ndani ya gari, kwenye uwanja wa nyumba ya wageni. Tunapika chai na kunyoosha migongo yetu yote mitatu. Kila tulichomfanyia mama kwa ajili ya mgongo wake, injini ilikihesabu.

Kwa kilomita 900, tofauti ya 7.6 na 9.8 ni lita 26 na ushee. Mwezi wa Agosti 2022, EWURA ilipotangaza bei kikomo, lita ya petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410. Tofauti hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi 90,000, kwenda tu. Na mikoa iliyo mbali na bandari bei huwa juu zaidi.

Ipo namba nyingine kitabuni: 6.7. Hiyo ni ya usiku mmoja ambao mama alizidiwa Tukuyu na kaka akaondoka Dar peke yake saa tatu usiku. Sikuwa naye. Najua tu alichoandika: kilomita, lita, Iringa saa tisa na nusu usiku. Hakuandika kingine. Ukizisoma lita hizo unaona mguu ulivyokuwa mzito, malori yalivyopitwa Kitonga, jinsi hakuna tuta lililopewa heshima. Alipofika, mama alikuwa ameshapata nafuu, amekaa kitandani anakunywa uji. Kaka alilala saa kumi na mbili mfululizo. Walirudi Dar siku mbili baadaye, na namba ya kurudi ni 10.1, ya juu kuliko zote. Barabara ilikuwa inashuka, na alikuwa anamwendesha mama.

Rafiki zangu wanaopenda takwimu wananiambia niitoe ile 6.7 kwenye wastani. Wanasema ni tukio la pekee, linaharibu picha. Nimekataa. Kama nataka namba isiyo na hofu ndani yake, ninayo tayari, ile ya Kijapani. Wastani wetu, usiku ule ukiwemo, ni 8.4. Hiyo ndiyo ninayomjibu anayeniuliza, na wengi hawaridhiki nayo. Wanataka kumi na mbili.

Mwaka jana kaka alitaka tuliuze. Ana watoto wawili shuleni, na gari linalosimama miezi mingi uwani linaonekana kama pesa iliyolala. "Dada, gari si mzazi," aliniambia. Alikuwa na haki ya kusema, kwa sababu nusu ya kila tenki inatoka mfukoni mwake. Nikaweka kaunta buku mezani, tukapiga hesabu mbele ya mama: petroli, matairi, bima, na upande wa pili tiketi za ndege na gari la kukodi kutoka Songwe. Hesabu zilikaribiana kiasi kwamba hazikuweza kutuamulia.

Mama akavuta kitabu, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mistari. Akauliza alama ya "M" pembeni ina maana gani. Nikamwambia ni safari alizokuwemo.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayewapunguzia gharama," akasema.

Kaka akacheka kwanza, halafu akanyamaza. Akauliza kliniki ijayo ni tarehe ngapi. Mama akamtajia. Akatoa simu kuangalia kama inaangukia kabla au baada ya Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ya bei mpya, ili tujaze tenki mapema.