Namba Hii ni ya Nani?

Ini hutunza akiba ya sukari, karibu gramu 100. Ukiacha ugali, wali na chapati, akiba hiyo huisha ndani ya siku moja au mbili. Ndipo ini linapoanza kuvunja mafuta na kutengeneza ketoni. Ubongo nao huzipokea. Mwaka 1967, George Cahill na wenzake kule Boston walilionyesha hilo kwa watu waliofunga kula kwa wiki kadhaa.

Kwangu mimi, mabadiliko hayo yalianza na kichwa kuuma na miguu kuwa mizito. Si uchawi: wanga ukipungua, figo hutoa maji na chumvi nyingi zaidi. Mchuzi wa mifupa wenye chumvi ulinisaidia. Wiki ya pili njaa ikatulia, ila mdomo ukawa na harufu ya matunda yaliyoiva sana. Hiyo ni asetoni, ketoni inayotokea kwenye pumzi.

Siku karatasi ya kupimia mkojo ilipogeuka zambarau, nilimwonyesha mdogo wangu kwa furaha. Yeye anachoma insulini tangu darasa la sita. Akaitazama, akasema taratibu, "Dada, mimi nikiona hiyo rangi, tunatafuta gari."

Ketoni ni zilezile. Mimi nina insulini yangu mwenyewe, hata kidogo, na inalizuia ini lisizidishe. Kwake, insulini ikikosekana, hakuna breki: sukari inapanda, ketoni zinapanda, damu inakuwa na asidi. Inaua.

Hata kipimo chenyewe kina mambo yake. Karatasi ya mkojo husoma asetoasetati tu, na baada ya wiki kadhaa rangi inaweza kufifia ilhali mwili bado unachoma mafuta. Tone la damu ya kidole husoma beta-hidroksibutireti, na ndilo la kuaminika zaidi. Kwa mtu kama mimi, milimoli 0.5 hadi 3 kwa lita ni ketosisi ya kawaida ya chakula. Kwa mdogo wangu, 3 ni dharura.

Kazini tumefundishwa kuuliza kila takwimu: hii ni ya nani? Kwa hiyo rafiki akinitumia picha ya kipimo chake na kuuliza kama yuko sawa, simpongezi kwanza. Namuuliza: una kisukari? Unachoma insulini?