Choya na Barua Yangu

Msomaji, ukiambiwa kwamba ua huweza kupikwa, usicheke kabla hujaonja. Mimi nalicheka, kisha nikaonja, na baadaye nikalia.

Nalikuwa mwanafunzi mjini Pune, katika nchi ya India. Mwezi wa Aprili jua la huko huchoma kama kaa. Bibi mwenye nyumba nilimopanga alipika kwa kufuata Ayurveda, elimu ya kale ya Wahindi ya kutunza afya. Elimu hiyo huhesabu ladha 6: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu na ya ukakasi, na husema kwamba kila moja huugusa mwili kwa namna yake.

Katika mtungi bibi aliweka choya kavu. Watu huiita maua yaliyokaushwa, lakini kwa hakika ni vifuniko vinene, vyekundu, vinavyolizunguka tunda baada ya ua kunyauka. Alitwaa konzi moja, akaiosha, akaitia katika chungu cha udongo, kwa kuwa uchachu hula sufuria ya alumini. Akamimina maji ya moto, akafunika mpaka maji yakawa mekundu kama damu. Akachuja, akatia shamari, iliki na sukari ya mawe.

“Mwanangu,” alisema, “uchachu peke yake huchochea moto wa mwili. Utamu na shamari huutuliza.”

Makapi hakuyatupa. Aliyapika pamoja na tangawizi na sukari, yakawa chatini ya kulia wali.

Kinywaji kile kilinipendeza hata nikajiona mganga. Baba yangu, huku Kenya, alikuwa na ugonjwa wa shinikizo la damu. Nalimpelekea kifurushi cha choya na barua: anywe hiyo, aache vidonge. Baba alimwamini mwanawe msomi. Siku ya 12 alianguka sokoni. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini mkono wake wa kushoto haukurudiwa na nguvu.

Bibi alipopata habari hakunikaripia. Alisema tu, “Nalikufundisha kupika, sikukufundisha kutibu.”

Utafiti umeonyesha kwamba choya huweza kushusha shinikizo la damu kwa kiasi. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye kumeza dawa hana budi kumwuliza daktari kwanza. Basi pika, msomaji, unywe, ufurahi. Lakini usimwandikie mtu barua kama yangu.

Baba angali anapenda choya. Huishika bilauri kwa mkono wa kulia, baada ya vidonge vyake, kwa idhini ya daktari.