Mzigo na Njia Yake

Ni desturi ya watu kuistaajabia mashine kubwa na kukisahau kigurudumu kidogo kilicho chini yake. Mimi nami nilikuwa mmoja wao, mpaka siku moja ya ujana wangu iliponifunza somo ambalo sikulipata darasani, ingawa hesabu yake ni ya kugawanya tu.

Nilikuwa nimemaliza shule karibuni, nikaajiriwa katika karakana ya useremala mjini Mombasa. Humo ilikuwamo mashine ya kuranda mbao yenye uzito wa kilo 600. Kila ilipotakiwa kusogezwa, watu wanane waliitwa, wakaja na mitaimbo na vipande vya bomba vya kuiviringishia. Tajiri wetu akaamua itengenezewe kitako cha chuma chenye vigurudumu vinne. Kazi ya kuvichagua alinipa mimi, kwa kuwa nilisifika kwa hesabu. Nilitembea kifua mbele kwenda dukani.

Huko niliona vigurudumu vyenye kipenyo cha milimita 75, vimeandikwa kwamba kila kimoja chaweza kubeba kilo 150. Nikazidisha 150 kwa 4, nikapata 600 kamili. Nilivinunua bila kusita, tena nikafurahi kuwa nimempunguzia tajiri gharama.

Siku ya kuihamisha mashine tulimwajiri hamali wa mkokoteni atusaidie kusukuma. Alikuwa mtu wa makamo ambaye hakupata kusoma. Alichutama, akavitazama vigurudumu vyangu, akasema, "Kijana, hivi ni vya kabati. Huoni magurudumu ya mkokoteni wangu yalivyo makubwa?" Nilicheka, nikamwonyesha hesabu yangu katika karatasi. Akanyamaza, kwa maana anayetafuta kibarua hawezi kubishana sana na mwenye karatasi.

Mashine ilikwenda vizuri kwa hatua kumi juu ya saruji laini. Mlangoni palikuwa na mfereji wa maji, mwanya wake upatao milimita 50. Kigurudumu kimoja cha mbele kilitumbukia, chuma kilichokishika kikapinda, na mashine ikainama upande aliosimama hamali. Aliruka, lakini mguu mmoja ulichelewa. Vidole viwili vya mguu wake wa kushoto vilivunjika.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Jambo lililoniumiza siku ile ni kwamba aliyedharau nilikuwa mimi, na mguu ulioumia ulikuwa wa mwingine.

Jioni nilikwenda kumjulia hali nyumbani kwake. Nilimpa pole, kisha sikuwa na neno jingine. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kwa upole, "Mwanangu, ulipopima mzigo, njia uliipima?"

Swali hilo lilinirudisha shuleni upya. Niligundua kwamba mashine haikukaa juu ya vigurudumu vinne kama nilivyodhani. Sakafu zina mabonde na vilima visivyoonekana kwa macho, na mara nyingi kigurudumu kimoja huning'inia huku vitatu vikibeba mzigo wote. Kwa hiyo mafundi hujumlisha uzito wa mashine na wa kitako chake, kisha hugawanya kwa 3, wala si kwa 4. Kitako chetu kilikuwa na kilo 40, nami nilikisahau kabisa. Kilo 640 zikigawanywa kwa 3 ni kilo 213 na zaidi; basi kigurudumu cha kilo 150 kilikuwa kimeshindwa kabla hakijaanza safari. Cha kilo 250 kingetufaa, kwa kuwa mzigo ukigonga shimo huzidi uzito wake wa kawaida.

Hamali naye alikuwa na haki juu ya ukubwa. Katika mwanya wa milimita 50, gurudumu la milimita 75 huzama karibu milimita 10. La milimita 200 huzama milimita 3 tu, likapita. Hata hivyo gurudumu kubwa huiinua mashine juu zaidi, na kilichoinuliwa huanguka upesi. Yapasa basi kitako kipanuliwe, na magurudumu yawekwe mbali mbali.

Yako magurudumu yanayogeuka kila upande, na yako yasiyogeuka. Mawili yasiyogeuka na mawili yanayogeuka hufaa safari ndefu ya kunyoka. Manne yanayogeuka hufaa mahali pa finyu, lakini kuyaongoza ni taabu. Ya chuma cha kusubu huvumilia mizigo mizito, ila hukwaruza sakafu na kupiga kelele. Ya mpira ni laini na ya kimya, ila yakisimama muda mrefu chini ya mzigo hubonyea upande mmoja. Yote huhitaji grisi na kuondolewa uchafu. Katika karakana ya seremala, nyuzi na vumbi la mbao huzitafuna beringi zake polepole. Mashine ikifika mahali pake, ifungwe breki. Na inapokwenda, mtu aisukume kutoka nyuma, wala asisimame upande inakoweza kuangukia.

Hamali alikaa miezi miwili bila kazi. Kila mwezi nilimpelekea nusu ya mshahara wangu, naye alipokea kwa shukrani iliyonitia haya, kwa kuwa fedha haiungi mfupa. Alipopona tulimwita tena. Safari hiyo nilimpa vigurudumu vipya avitazame kabla ya kufungwa. Alivizungusha kimoja kimoja kwa kidole, kisha akatoka nje, akatembea njia yote mpaka mlangoni, akarudi akasema, "Sasa twende."

Ewe mwanafunzi, elimu ya karatasi ni njema, nami sijaacha kuitumia hata leo. Lakini kabla ya kuuanza mzigo wowote, itembee kwanza njia yake kwa miguu yako mwenyewe. Na ukimkuta njiani mtu aliyeizoea, msikilize kabla hujamwonyesha hesabu yako.