Mkweche wa Tandika na Volvo ya Joginder

Ukishuka Tandika, lipite soko, fuata harufu ya oili mpaka kwenye mwarobaini. Ni gereji bubu, kibao haina. Jumamosi nililivuta pale gari la marehemu baba, Corolla, limefungwa kamba nyuma ya Canter, watoto wakizomea: "Mkweche! Mkweche!" Nilishaongea na mnunuzi wa vyuma chakavu. Bei ya kilo, basi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unaliuza? Joginder Singh unamjua?"

Nikasema simjui. Fundi akanitazama kama mtu asiyemjua Nyerere.

Jamani, huyo Kalasinga, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi kabla hajavuma. Mwaka 1965 aliingia Safari Rally, enzi ambazo ilikuwa ikifika mpaka huku kwetu, yeye na ndugu yake Jaswant. Gari lenyewe? Volvo PV544 ya mtumba! Timu ya kiwanda ilishalichapa kwenye Safari ya 1964. Akalisuka upya, akashinda kwa saa 1 na dakika 40. Muda huo unatoka Tandika unafika Mwenge, foleni ikiwemo, na soda unakunywa. Akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alifariki London, 2013.

"Lile lilikuwa limeachwa na Wazungu," mzee akasema. "Hili umeachiwa na baba yako."

Nikakosa jibu.

Saa kumi mnunuzi wa chuma alipiga simu. Sikupokea, nilikuwa chini ya gari, nimeshika tochi, oili mpaka masikioni.