Mti wa Sadaka Katika Ardhi Yenye Zebaki

Katika kitabu cha mihutasari cha kamati ya msikiti wetu hapa Kibimba limo azimio moja nililoliandika kwa mkono wangu, kisha nikalazimika kuwaomba wajumbe walitengue. Azimio lilisema kiwanja cha wakfu kipandwe milonge na miembe: majani ya mlonge yawe mboga ya watoto wa madrasa, na maembe yauzwe kulipia umeme wa msikiti. Aliyelipendekeza ni mimi. Niliwakumbusha wajumbe mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba Muislamu akipanda mti, anachokila mtu, ndege au mnyama katika mti huo huwa ni sadaka kwake. Wajumbe wakaitikia kwa takbira, nami nikarudi nyumbani nimeridhika.

Nisiloliuliza ni ardhi ile ilikuwa na kazi gani kabla ya kuwa wakfu.

Kiwanja chenyewe kipo upande wa Biharamulo, wilaya yenye dhahabu, ambako mgodi wa Tulawaka ulianza kuzalisha mwaka 2005. Chetu hakina uhusiano na mgodi wowote mkubwa. Palikuwa na mwalo mdogo wa wachimbaji waliosaga mawe kwa karasha, wakaosha unga wake, wakauchanganya na zebaki ili inase chembe za dhahabu, kisha wakaichoma zebaki mpaka ikabaki dhahabu peke yake. Walipohama waliacha rundo la marudio, na mvua za miaka mingi zikalitandaza. Mzee aliyetoa kiwanja alinieleza hayo bila kuficha, siku nilipomuuliza kwa nini kona moja haioti hata nyasi.

Nilimwendea bwana misitu. Nilitarajia aniambie kwamba miti husafisha ardhi, basi tupande mingi. Aliniuliza swali moja: "Mti gani, katibu?"

Akanifafanulia kwamba zebaki, risasi na kadimiamu haziozi kama takataka za jikoni. Hubaki, au huhama. Mti unaweza kuzishikilia au kuzihamisha, na hilo hutegemea aina yake. Kuna miti, kama mierebi na mipopla ya nchi za baridi, ambayo mizizi yake hufyonza kadimiamu na zinki na kuzipandisha hadi kwenye majani. Jani likianguka, madini yaliyokuwa chini hurudi juu ya ardhi, mahali pa kuku, mbuzi na watoto. Ipo mingine ambayo huyabakiza zaidi mizizini. Misonobari nayo, kwa sindano zake zinazodondoka, huongeza tindikali katika udongo. Na udongo ukiwa na tindikali, madini kama kadimiamu na zinki huyeyuka kwa urahisi na kufuata maji kwenda chini. Zebaki ina njia yake nyingine: ikichomwa huwa mvuke, na majani huunyonya mvuke huo kutoka hewani. Kwa hiyo jirani na mahali panapochomwa zebaki, mboga ya majani ndiyo ya kuogopwa kwanza.

Nikakumbuka Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, nchi ya Waislamu wenzetu. Mwaka 2010 mamia ya watoto walifariki huko kwa sumu ya risasi, kwa sababu mawe ya dhahabu yalisagwa majumbani na vumbi lake likaingia katika ua walimocheza. Wataalamu walilazimika kuukwangua udongo wa juu na kuweka udongo safi. Hakuna mti ambao ungeifanya kazi hiyo kwa wakati.

Chuoni nilihifadhi kanuni ya fikihi kwamba kuondoa madhara hutangulizwa kabla ya kuleta manufaa. Niliijibu vizuri katika mtihani. Katika kikao cha kamati sikuikumbuka.

Kazi nzito ilikuwa kwa watu wawili. Wa kwanza ni ustadhati wetu, ambaye alikwisha kuotesha tuta la mchicha pale kwa ajili ya futari ya watoto. Nilimwomba aung'oe. Alinitazama kwa muda, akauliza, "Na ule tuliokwisha kuula?" Sikuwa na jibu, nami nina mtoto katika madrasa ile.

Wa pili ni mzee mwenyewe. "Mwanangu," alisema, "nilitoa ardhi nipate thawabu isiyokatika. Leo waniambia nimetoa sumu?"

"La, mzee wangu," nilimjibu. "Wakfu wako umesimama na nia yako anaijua Mola. Kosa ni la sisi tuliotaka kuulisha watoto kabla ya kuupima."

Alinyamaza, kisha akaniuliza ni lini tutapima. Hapo nilijua ameridhia.

Kikao cha pili kiliazimia mambo manne. Sampuli za udongo zipelekwe Mwanza, katika ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kiwanja kizungushiwe uzio, mbuzi wasiingie. Nyasi zioteshwe kwanza juu ya marudio ili upepo na maji yasiyachukue. Miti itakayofuata iwe ya mbao na kivuli, ya aina itakayoshauriwa na bwana misitu baada ya majibu, wala isiwe misonobari, kwa kuwa kisima kipo chini ya mteremko. Milonge itapandwa uani mwa msikiti, ambako hapajawahi kuwa na mwalo.

Ndugu msomaji, nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hautakuja kukagua tuta lako la mboga. Kabla ya kupanda, muulize mzee wa mtaa: hapa palifanywa nini? Majibu ya sampuli zetu bado tunayasubiri. Tunamuomba Allah awalinde watoto wetu na kile walichokwisha kukila kwa kutojua kwetu. Amin.